Mugutha: Akodiani ya Bara, Taarabu ya Pwani

Atokaye Mombasa kwenda Mugutha hushuka treni Syokimau, akalivuka jiji la Nairobi, kisha akaishika njia ya Thika. Barabara hiyo pana, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2012, imeyasogeza karibu na jiji maeneo ambayo zamani yalikuwa mashamba ya kahawa na mkonge. Mugutha ni mojawapo, ukishaupita mji wa Ruiru na kabla hujafika Juja. Mashamba yamekatwa viwanja, nyumba za mawe zinapanda mwaka hadi mwaka, na asubuhi kuna baridi ya kumfanya mtu wa pwani aitafute shali yake.

Wenyeji wa asili ni Wakikuyu, lakini ua mmoja huweza kukusanya Mkamba, Mluhya, Msomali na familia iliyohama pwani kufuata riziki. Wifi yangu ni miongoni mwa hao. Jioni ya kwanza, chai ikiwa mezani, alinitolea lililokuwa moyoni: “Wifi, watoto hawa nikiwafungia ndani watakua bila majirani. Nikiwaachilia, nachelea watasahau walikotoka. Nishike lipi?” Si yeye peke yake aulizaye hivyo, mama wengi wa Kiislamu walioko bara wanalala na kuamka na swali hilo.

Jumamosi yake tulialikwa kwa jirani kwenye shughuli ya posa. Wazee wawili waliketi chini ya turubai, mmoja na akodiani kifuani, mwingine na karing’aring’a, yaani pete ya chuma igongwayo kwa kijiti cha chuma. Hiyo ni mwomboko, ngoma iliyoenea Ukikuyuni katika miaka ya 1940. Akodiani ilitoka Ulaya, na hatua zake zina athari ya dansi za Wazungu kama waltz. Lakini maneno, mafumbo na mkato wa sauti ni vya Kikikuyu. Hapakuwa na msimamizi wa kuwaongoza kwa fimbo. Mwenye akodiani alipovuta pumzi ili aimbe, mwenye chuma alipunguza kishindo. Alipomaliza ubeti, chuma kikajibu. Tuliketi kando na akina mama wa nyumba ile, tukasikiliza.

Masikio yetu hayakuwa mageni. Akodiani hiyohiyo ilifika Unguja ikaketi katika taarabu, karibu na kanuni na udi za Kiarabu, fidla za Kizungu, na ngoma zetu wenyewe. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka kijana Misri akajifunze muziki wa huko. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Nadi Ikhwan Safaa. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zao, nao wakauimba muziki huo kwa Kiswahili. Mombasa nako, Juma Bhalo alizishona tungo za Kiswahili katika mahadhi ya Kihindi, na Zuhura Swaleh akaimba kwa taishokoto, chombo chenye asili ya Japani.

Mchanganyiko wote huo unasimama vipi pasi na mtu wa kuamuru? Katika kundi dogo la taarabu, chombo kimoja, kanuni au udi, hutangulia peke yake na kuionyesha maqamu, yaani njia ya sauti itakayofuatwa. Wenzake huisikiliza ndipo waingie. Wote huuchukua wimbo mmoja, kila chombo kikiupamba kwa namna yake, na dumbaki ikilinda mizani. Akodiani ya kawaida haina zile sauti za katikati zinazohitajiwa na baadhi ya maqamu. Ikifika hapo huweza kunyamaza, ikaiachia fidla. Kunyamaza huko ni sehemu ya kazi yake.

Na mbali na kwetu, mjini Moscow, okestra iliyoitwa Persimfans ilipiga muziki mkubwa wa Ulaya bila kondakta kuanzia mwaka 1922 hadi 1932. Wapigaji wake waliketi kwa duara wapate kuonana. Mjini New York, Orpheus imeishi kwa desturi kama hiyo tangu 1972.

Najua wanazuoni wetu wamehitilafiana juu ya ala za muziki, na kila nyumba ina sheikh wake wa kumuuliza. Lakini hata asiyesikiliza udi analijua jambo hili katika dufu za maulidi: mkono mmoja ukikimbia, safu nzima huyumba. Tena sisi ni umma ulioamrishwa shura. Kushauriana ni kusikiliza kabla ya kusema.

Tukiwa njiani kurudi nilimwambia wifi yangu niliyoyaona. Fidla haikupoteza ufidla wake kwa kuingia taarabu, wala taarabu haikugeuka muziki wa Ulaya kwa kuipokea. Kilichoilinda ni kwamba maqamu ilikwisha kuwekwa kabla mgeni hajaingia. Mtoto aliyefundishwa nyumbani sala yake, salamu yake, stara yake na Kiswahili cha bibi yake, huyo ana maqamu. Mpeleke kwa majirani asikilize. Asiye nayo, hata akifungiwa ndani atapotea humohumo chumbani.

Alinyamaza kidogo, kisha akafanya hesabu ya mama wa nyumba. Magharibi, Kurani na hadithi za Mombasa, kila siku, bila udhuru. Jumamosi, watoto wacheze uani na wa jirani, naye akiwa karibu. Na Idi ikija, inshallah, wenye ua ule wote waalikwe biriani, wazee wa akodiani wakiwa wa kwanza.