Gia Ngumu na Lawama Nyepesi

Katika nyumba zetu nyingi gari likianza kuleta tabu hutafutwa kwanza mtu wa kubebeshwa lawama, na ugonjwa wenyewe hutafutwa baadaye. Gari hilo likiwa linaendeshwa na mwanamke, utafutaji huo huwa mfupi mno.

Letu ni Toyota Corolla ya miaka ya 1990, yenye gia za mkono, lililonifikia katika mgao wa mirathi ya marehemu baba, Allah amrehemu. Mimi mwenyewe, kama watu wengi wa Tanga, huenda kazini na msikitini kwa baiskeli. Anayeliendesha gari siku zote ni mama watoto wangu. Huwapeleka watoto shule na madrasa, na humpeleka mama yangu mzazi, ambaye sote nyumbani tunamwita Bi Mkubwa, kliniki ya shinikizo la damu kule Bombo. Mwaka jana, baada ya Ramadhani, gia ya kwanza ilianza kuwa nzito. Zikapita wiki mbili, gia ya kurudi nyuma nayo ikawa inakwaruza kwa sauti iliyowafanya majirani wachungulie dirishani.

Ami yangu, ambaye ameendesha malori tangu ujana wake na ambaye neno lake katika ukoo halipingwi ovyo, alitoa hukumu akiwa bado hajashuka barazani. Wanawake, alisema, huegesha mguu juu ya klachi mwendo mzima, na gia hazivumilii. Gereji tuliyokwenda nayo ilitoa hukumu ileile kwa bei. Fundi alilizungusha gari mtaa mmoja, akauliza nani huliendesha, akatikisa kichwa, kisha akasema giaboksi imekwisha na iletwe shilingi 850,000 za kununulia nyingine iliyotumika. Hakufungua boneti.

Fedha hizo hatukuwa nazo, isipokuwa tuguse akiba ya ada za watoto. Lakini kilichonisumbua zaidi kilikuwa kingine. Jioni ile mama watoto aliuweka ufunguo juu ya kabati akaniambia, "Baba watoto, mimi gari sigusi tena. Likifa njiani isije ikasemwa nimeliua mimi." Na kweli hakuligusa kwa siku 11. Watoto wakawa wanakwenda shule kwa miguu, Bi Mkubwa akawa anapandishwa bajaji huku akilalamika mgongo. Mke wangu amejifunza udereva kwa fedha zake mwenyewe za kushona, na leseni yake aliipata kabla sijaipata yangu. Kumwona akikaa kiti cha nyuma cha jambo analolijua kuliko mimi hakukunipendeza hata kidogo.

Chuoni, katika milango ya hukumu na ushahidi, tulifundishwa kwamba anayedai ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi. Mwalimu wetu alitumia mifano ya mashamba na madeni, sidhani kama giaboksi ilimpitikia. Hata hivyo nilijiuliza: katika shauri hili ushahidi ameuleta nani? Ami ameleta uzoefu wake, fundi ameleta bei. Gari lenyewe halijaulizwa.

Ukatibu wa kamati ya msikiti umenizoesha kuandika kila kitu, hata idadi ya vikombe vilivyovunjika siku ya Maulidi. Basi nilichukua daftari jipya, nikaazima kitabu cha ufundi kutoka kwa mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi anayeswali nasi Alasiri, na kwa juma zima nikaandika: gia ipi imekataa, saa ngapi, injini ikiwa baridi au moto, imewashwa au imezimwa.

Kabla ya kueleza daftari lilisema nini, inafaa msomaji ajue kinachotendeka chini ya ule mkono wa gia. Nguvu ya injini huingia kwenye giaboksi kupitia klachi, ambayo ni sahani inayobanwa kwenye gurudumu zito la injini. Ukikanyaga pedali, mbano huo huachia, na shafti inayoingia kwenye giaboksi hubaki bila kusukumwa. Hapo ndipo pete ndogo za shaba zilizomo ndani ya giaboksi hupata nafasi ya kulinganisha kasi ya meno ya gia na kasi ya shafti, na gia ikaingia kwa ulaini. Klachi isipoachia sawasawa, injini huendelea kuisukuma shafti kidogo kidogo, na zile pete hulazimika kushindana na injini nzima. Mkono wa dereva huusikia ushindani huo kama ugumu. Gia ya kurudi nyuma, ambayo katika magari mengi ya zamani haina pete hizo, ndiyo huwa ya kwanza kupiga kelele.

Kutokana na hayo kuna jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya uani kwake bila spana. Zima injini, vuta breki ya mkono, kanyaga klachi, kisha pitisha gia zote moja baada ya nyingine. Zikiingia kwa ulaini injini ikiwa imezimwa, na kukataa ikiwa imewashwa, tuhuma zielekezwe kwenye klachi. Zikiwa ngumu katika hali zote mbili, tazama kebo au vyuma vinavyounganisha mkono wa gia na giaboksi, au oili yake. Ikiwa ni gia moja tu inayokwaruza, tuseme ya pili, na nyingine zote ni nzuri, basi huenda pete yake imelika, na hiyo ni kazi ya fundi, hakuna ujanja wa uani utakaosaidia.

Daftari letu lilikuwa wazi. Injini ikiwa imezimwa, gia zote ziliingia kama kisu katika samli. Ikiwashwa, ya kwanza na ya kurudi nyuma zilikataa. Na kulikuwa na jambo la tatu, ambalo aliligundua mama watoto siku nilipomwomba akae kwenye usukani kwa ajili ya jaribio tu: pedali ikikanyagwa mara mbili au tatu haraka haraka, gia iliingia. Alisema amekuwa akifanya hivyo tangu Mfunguo Mosi ili aweze kuondoka kwenye kituo cha shule. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Maana ya hilo ni hii. Katika gari kama letu, pedali haivuti waya. Husukuma mafuta, yaleyale ya breki, kutoka pampu ndogo ya juu iliyo karibu na pedali hadi pampu ya chini iliyo ubavuni mwa giaboksi, na pampu ya chini ndiyo husukuma mkono wa klachi. Mafuta hayabanwi, lakini upepo hubanwa. Mafuta yakivuja na upepo ukaingia, sehemu ya nguvu ya mguu huishia kuubana upepo, na klachi huachia nusu. Ukikanyaga mara kadhaa unaongeza mafuta mbele, na kwa dakika hiyo mambo hukaa sawa.

Nikafungua boneti. Kikopo cha mafuta ya klachi kilikuwa chini ya alama ya mwisho, na mafuta yaliyomo yalikuwa meusi kama kahawa ya kijiweni. Mafuta haya hunyonya unyevunyevu wa hewa, na hewa ya Tanga mnaijua. Kisha nikaivuta kwa kidole ile raba ya nje ya pampu ya chini. Ilikuwa imelowa. Huo ndio ushahidi.

Na kuhusu mguu ulioegeshwa: mazoea hayo kweli ni mabaya, huila sahani ya klachi na beringi yake. Lakini sahani iliyolika huteleza, yaani injini hunguruma na gari halikimbii. Sisi tulikuwa na ugonjwa ulio kinyume chake, klachi isiyoachia. Hata kama mke wangu angekuwa na kosa aliloshutumiwa, na hakuwa nalo, lisingeleta ugonjwa huu.

Jumamosi baada ya Alfajiri tukaanza kazi. Raba za ndani za pampu ya chini nilizipata dukani kwa shilingi 12,000, na chupa ya mafuta ya breki yenye alama DOT 3, kama kilivyoelekeza kifuniko cha kikopo, kwa 8,000. Gari tuliliweka mahali tambarare, magurudumu ya nyuma tukayazuia kwa mawe, na mbele likakaa juu ya stendi mbili za chuma nilizoazima. Ninalisisitiza hili kwa kuwa nimewahi kuandika katika kitabu cha msikiti jina la kijana aliyefunikwa na gari lililosimama juu ya jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia, haifai kumlindia mtu aliye chini. Watoto tuliwafungia ndani na nyanya yao, nao hawakufurahi.

Pampu ya chini ilitoka kwa boliti mbili na mrija mmoja. Ndani niliipangusa kwa kitambaa kisicho na nyuzi, nikatazama kwa tochi kama ukuta wake una mikwaruzo au kutu, maana ikiwa umechubuka, raba mpya zitavuja baada ya mwezi na ni afadhali kununua pampu nzima. Wetu ulikuwa laini. Raba mpya nilizipaka mafuta ya breki. Grisi ya kawaida huzivimbisha, na mafuta ya injini pia. Jihadhari pia na rangi ya gari: tone moja la mafuta ya breki lililoachwa juu ya boneti hubabua rangi, na likiingia jichoni ni maji mengi na hospitali.

Kisha ikaja kazi ya kutoa upepo, ambayo haifanywi na mtu mmoja. Mama watoto alikaa kwenye usukani, mimi nikawa chini na mrija wa plastiki unaoonesha ndani, ncha moja kwenye skrubu ya kutolea upepo, nyingine ndani ya chupa yenye mafuta kidogo. "Kanyaga. Shikilia." Ninafungua skrubu robo mzunguko, povu linatoka, ninafunga. "Achia." Na tena. Kila baada ya mara tano alishuka kuongeza mafuta kwenye kikopo, kwa kuwa kikikauka upepo huingia upya na kazi yote huanza mwanzo. Mara ya kumi na kitu povu likawa vitone, kisha mafuta safi matupu. Kabla sijasema lolote akasema kutoka juu, "Imekaza. Pedali imekuwa pedali."

Tuliosoma dini tunakumbuka kwamba Mama Aisha alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, katika majibu yaliyopokewa kutoka kwake ni kuwa alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake na akishona viatu vyake mwenyewe. Nilipokuwa chini ya gari, mafuta meusi hadi viwikoni, jambo hilo lilinipitia. Jirani aliyesimama langoni kuuliza kulikoni katibu wa msikiti amelala uvunguni alipitiwa na jambo jingine, lakini tuliachane naye.

Tukiwa tumekwisha kuchafuka, tulikagua na mengine. Kebo mbili za gia tulizipaka grisi kwenye viungio vyake. Zulia nene la pili lililotandikwa miguuni mwa dereva tulilitoa, kwa sababu huzuia pedali kufika mwisho, na kuna watu wamebadilishiwa klachi kwa kosa la zulia. Oili ya giaboksi niliiacha kwa siku nyingine. Atakayeibadilisha afungue kwanza tundu la kujazia kabla ya lile la kumwagia, kwani ukimwaga halafu tundu la juu likagoma, gari halitoki uani. Na aina ya oili iwe ile iliyoandikwa katika kitabu cha gari, kwa kuwa baadhi ya oili nzito za difu zina dawa zinazokula shaba ya zile pete.

Tangu hapo nimeombwa na kamati niitazame jenereta ya msikiti. Nimekataa, na kukataa kwangu kumo katika kumbukumbu za kikao.

Idi ya Mfunguo Tatu tulikwenda Lushoto kwa wakwe. Kutoka Mombo barabara hupanda kwa kona zinazofuatana mpaka Soni, na kwenye kona hizo dereva hushuka gia ya tatu hadi ya pili mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Mama watoto ndiye aliyeendesha. Bi Mkubwa alikaa mbele, mimi nyuma na watoto, na ami pembeni yangu, kwa kuwa alikuwa amesikia gari limepona akataka kusikiliza mwenyewe. Alisikiliza. Tuliposimama Soni kununua matunda alizunguka upande wa dereva, akaegemea mlango, akasema, "Mwanangu, kona ile ya daraja mimi ningeshuka gia mapema zaidi." Mama watoto akamjibu kwa adabu kwamba kwa lori, sawa, ami. Bi Mkubwa alicheka hadi akashika mbavu.

Daftari sasa analo yeye. Ukurasa wa mwisho una hati yake: gia ya tatu, asubuhi, injini baridi, nzito kidogo, ikipata moto inalainika. Amepiga mstari chini ya neno baridi na kuandika pembeni, "oili." Jumamosi ijayo tutaifungua, tundu la juu kwanza.