Ile ndege ya mwaka 1973

Mfanyakazi mmoja wa misaada alimaliza mkataba wake hapa Nyarushishi, akaniachia kadi memori yenye albamu nne. Miye si mjuzi wa muziki. Nimekulia Bukavu kwa kaseti za Franco, na papa alikuwa anasema wimbo usiofika dakika 10 ni tangazo la biashara tu. "Mario" ya 1985 ilikuwa inaingia nyumbani sawa mgeni anayengoja mpaka chakula kiive. Kwa hiyo maoni yangu myasome kwa huruma.

Nilianza na Nevermind ya Nirvana, 1991. Nilidhani bafle imeungua. Nikazima, nikapuliza vumbi, nikabana waya, kumbe gitaa lenyewe ndivyo linavyolia! Vijana watatu waliipenda palepale, hasa yule ambaye hasemagi na mtu. Miye wimbo mmoja mmoja sawa, yote kwa mara moja inanichosha kichwa.

A Night at the Opera ya Queen, 1975, ni sahani moja yenye fufu, wali, mandazi na samaki. Nusu ni tamu kabisa, nusu unajiuliza nani aliiweka humo. Ila nilipowaeleza vijana kwamba mwimbaji, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, na familia yake ikahamia Uingereza baada ya mapinduzi ya 1964, muziki ulizimwa mabishano yakaanza. Basi naye alikuwa mkimbizi? Mmoja akasema hapana, mkimbizi ni yule wa kupanga foleni ya maharage. Tulibishana mpaka giza. Miye niko upande wa ndiyo, lakini wa maharage naye ana lake.

Sasa ile ya tatu, The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, 1973. Inaanza na mapigo ya moyo. Nilisikiliza mwanzo tu kwenye simu, nikaona itatuliza watu. Jumamosi nikaiweka kwa bafle kubwa, na watoto wadogo walikuwa wamekuja. Wimbo wa tatu hauimbwi. Unasikia mtu anakimbia, anahema, kisha mngurumo unapita juu kama ndege, kisha mlipuko. Waliutengeneza kwa ustadi, na ustadi wenyewe ndio ulioniangusha. Kasichana ka miaka saba hivi kalikuwa chini ya benchi kabla sijafikia kitufe. Hakakulia. Mikono masikioni, macho wazi. Watu wazima wawili walikuwa wamesimama wanatazama juu, na mmoja alikuwa ameshanyakua mtoto asiye wake.

Mama ya kale katoto hakunigombeza. Alisema tu, "Mwalimu, ungesikiliza kwanza." Heri angenigombeza.

Sitasema ni albamu mbaya. Usiku niliisikiliza mpaka mwisho, simu nimeibana sikioni, na zile nyimbo mbili za mwisho ni nzuri kuliko nyingi zilizo kwenye kadi. Ila kwa bafle hairudi.

Ya nne ni Wapi Yo ya Lokua Kanza, 1995. Huyu ni wa kwetu, alizaliwa Bukavu mwaka 1958, baba Mkongomani, mama Mnyarwanda. Ukisimama Cyangugu unaiona Bukavu ng'ambo ya Rusizi, usiku unaona na mataa. Sauti yake haina haraka, gitaa halimsukumi. Papa angelalamika nyimbo ni fupi. Kuna kijana hapa ambaye wazazi wake ni vilevile, mmoja wa huku mmoja wa kule, na kila upande unamwita wa upande mwingine. Aliniomba nirudie kusema huyo mwimbaji alizaliwa wapi, na mama yake ni nani.

Hiyo niliisikiliza mara tatu kabla ya Jumamosi. Kale kasichana kakaja, kakaniuliza kama na humu mna ndege. Nikakaambia hakuna, nimesikiliza yote. Kakakaa, lakini kwenye benchi la karibu na mlango.