Waraka kwa Mwenyekiti Mpya wa Tawi

Mji wa Kale, Mombasa

Kwa mpenzi mwanangu, binti wa ndugu yangu, Mwenyezi Mungu akuhifadhi.

Waraka wako umenifikia pamoja na habari njema iliyokuwamo, ya kwamba wanawake wa mtaa wenu huko Malindi wamekuchagua kuwa mwenyekiti wa tawi lao la chama cha wanawake. Nimefurahi furaha ya mzazi, kwa maana cheo cha namna hiyo hakiombwi kwa pesa wala hakirithiwi, bali watu hukitoa kwa yule ambaye wamekwisha mtazama kwa muda mrefu pasipo yeye kujua kwamba anatazamwa.

Umeniomba nasaha, na umeniandikia mipango yako: sare za leso za rangi moja, hafla ya uzinduzi, na mheshimiwa kuwa mgeni rasmi. Sikusudii kukuvunja moyo, kwani furaha nayo ina haki yake katika jambo la kheri. Lakini kwa kuwa umeniuliza, na mwenye kuulizwa ana dhima ya kusema analoliamini, nakwambia waziwazi kwamba nguvu ya tawi haiko huko. Nguvu ya tawi ni kujua. Ni kujua nyumba ipi ina mzazi aliyejifungua juzi naye hana mtu wa kumkanda kwa maji ya moto, na nyumba ipi mzee amelala kitandani hana wa kumgeuza, na msichana yupi amekaa muhula mzima bila kwenda skuli kwa sababu ya karo, ilhali babake anaona haya kusema. Makao makuu ya chama yana afisi, magari na barua zenye muhuri, wala siyadharau, lakini hayana macho ya kuona ndani ya uchochoro wenu. Macho hayo ni nyinyi, na mkiyafumba basi chama kizima kimekuwa kipofu kwa upande wa Malindi.

Wala usidhani kwamba mambo haya yameletwa kwetu juzi. Bibi zetu hapa Mombasa walikuwa na vyama vyao vya ngoma ya lelemama, vyenye vyeo na daraja, vikishindana kwa mavazi na karamu. Na waliovitazama kwa nje waliona ngoma na israfu tu. Israfu ilikuwapo, siikanushi, lakini ndani ya vyama hivyo mwanamke aliyefiwa hakuachwa na msiba wake, na aliyeoza hakubeba mzigo wa arusi peke yake, kwa sababu wenziwe walimjua na walikuwa na wajibu kwake. Kwa hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950, vilipoundwa mjini humu vyama viwili vya wanawake wa Kiislamu, kimoja mwaka 1957 na cha pili mwaka uliofuata, vikashughulikia elimu ya wasichana na masomo ya watu wazima, havikujengwa juu ya ardhi tupu: wanawake walikuwa wamekwisha jifunza katika ngoma namna ya kumchagua kiongozi na kumtii, namna ya kuchanga na kuhesabu, na namna ya kuitana ikawa kila mtu amefika.

Jambo hilo hilo lilidhihirika kwa ndugu zetu wa Dar es Salaam. Mwaka 1955, chama cha TANU kilipotaka kuwaingiza wanawake katika safu zake, kazi hiyo aliishika Bibi Titi Mohamed, ambaye watu walimjua kwanza kwa sauti yake katika kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba. Hakuanza kwa kuwahutubia asiowajua. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, akasema nao, nao wakarudi kwa watu wao, na katika muda wa miezi michache maelfu ya wanawake wakawa wamekata kadi. Tanganyika ilipopata uhuru na Umoja wa Wanawake ukaanzishwa mwaka 1962, yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Nakutajia habari hii, mwanangu, kwa sababu wengi humsifu bibi huyo kwa ujasiri wake, nao ulistahili sifa, lakini huwasahau wale mabibi wa vikundi, ambao majina yao hayakuandikwa popote, na ambao lau wasingalikuwa wanaaminiwa mitaani kwao, sauti ya Bibi Titi isingalifika mbali hata ingalikuwa tamu namna gani.

Sasa tazama upande wa pili, nao una mafunzo makali zaidi. Chama cha Maendeleo ya Wanawake cha hapa Kenya kilianzishwa mwaka 1952, chini ya mkono wa serikali ya kikoloni, mwaka ule ule ilipotangazwa Hali ya Hatari. Vilabu vyake vilifundisha ushonaji, upishi, usafi wa nyumba na malezi ya watoto, mambo yenye manufaa ambayo wanawake wengi waliyapokea kwa moyo safi. Lakini huko Mkoa wa Kati, ambako watu walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na kutiwa katika vijiji vyenye ulinzi, kilabu kilichogawa maziwa na supu kwa watoto wenye njaa kilikuwa pia ni chombo cha serikali cha kuwavuta kina mama waiache Mau Mau. Fikiri hali ya mama anayepokea kikombe cha maziwa kwa ajili ya mwanawe, naye anajua kwamba kikombe hicho kina sharti. Maziwa ni yale yale na njaa ya mtoto ni ile ile, bali hisani imekwisha geuka kuwa biashara, na anayeilipia ni mnyonge.

Miaka ikapita, chama kikaingia mikononi mwa Waafrika wenyewe, kikaenea nchi nzima, kikawa na viongozi wa kusifiwa. Kisha mwaka 1987 kikaunganishwa na KANU, chama kilichokuwa kikitawala peke yake, hata ikawa uchaguzi wa wanawake ni uchaguzi wa siasa. Muungano huo ulivunjika miaka michache baadaye, vyama vingi viliporuhusiwa, lakini kurudisha imani ya watu si kazi ya siku moja. Ndiyo sababu nimeguna niliposoma habari za mheshimiwa wako. Si kwamba namjua kwa ubaya. Nasema tu kwamba yule atakayekaa kiti cha mbele siku ya kwanza, akatoa bahasha mbele ya watu, atahesabu kwamba tawi lina deni kwake, na siku ya kampeni atakuja kulidai kwa kuwataka wanawake wako wavae fulana zake. Wenye kumuunga mkono watabaki, wasiomuunga mkono watajitenga, na nyumba zao mtakuwa hamzijui tena.

Vikundi vilivyodumu, mwanangu, ni vile vilivyoanza kwa haja ya wenyewe. Huko Mkoa wa Kati, baada ya uhuru, wanawake waliokuwa wakilala chini ya mapaa ya nyasi yanayovuja walichangishana, wakanunua mabati, wakaezeka nyumba ya mmoja, kisha ya wa pili, kwa zamu, mpaka vikundi vyao vikajulikana kwa jina la mabati. Na mapaa yalipokwisha wakageukia matangi ya maji na ng'ombe wa maziwa. Hawakungoja kufundishwa na mtu kwamba mvua inanyesha. Na Wangari Maathai alipoianza kazi ya miti mwaka 1977, chini ya Baraza la Taifa la Wanawake, ikapandwa miche saba katika bustani ya Kamukunji, Nairobi, kazi ile haikukua kwa sherehe za kupanda bali kwa vitalu vya wanawake wa vijijini, waliokuwa wakipewa malipo madogo kwa kila mche. Na malipo hayo hayakuwa ya mche uliopandwa, bali ya mche ulioshika ukaishi. Sharti hili nalipenda kuliko hotuba nyingi nilizozisikia. Nataka tawi lako lihesabu vivyo hivyo: usiandike katika ripoti kwamba wasichana wamepewa sare na vitabu, andika wangapi kati yao wangali wamo darasani muhula wa tatu.

Kuhusu fedha nitasema machache, kwa kuwa unajua. Sanduku liwe na kufuli tatu, na funguo tatu zikae kwa wanawake watatu wasiokuwa wa nyumba moja wala wa ukoo mmoja, nawe mwenyekiti usiwe mmojawapo. Hesabu zisomwe kwa sauti kila mkutano, na asiyejua kusoma awe na haki ya kuuliza kama mwenye digrii. Fedha za upatu zisichanganywe na fedha za msaada hata kwa siku moja, kwani upatu ni haki ya mwenye zamu, na msaada ni amana ya mtu ambaye huenda hajui bado kwamba ni wake.

Lililobaki ndilo linalonikaa moyoni kuliko yote, nalo ni namna ya kutoa. Siku hizi nimeona, hasa mwezi wa Ramadhani, wanawake wema, wenye nia njema, wanampanga mjane mlangoni pake, wanamshikisha mfuko wa unga na dumu la mafuta, kisha wanasimama kulia na kushoto kwake na kupiga picha, na kabla ya futari picha hiyo imekwisha fika kwa nusu ya mji. Katika mtaa mmoja wa hapa mama mmoja alikuwa akipokea hivyo. Mwanawe wa kiume, kijana wa darasa la saba, akachekwa na wenziwe kwa kuonyeshwa picha ile kwenye simu. Na mwaka uliofuata wanawake walipobisha hodi, mama alifungua mlango kidogo tu, akawaambia kwa adabu kamili kwamba alhamdulillahi nyumbani hakuna haja. Haja ilikuwapo, majirani wote waliijua.

Sisi tulilelewa kwa njia nyingine. Aliyejulikana kuwa ana dhiki alipelekewa sinia baada ya sala ya Isha, limefunikwa kawa, na mbebaji alikuwa mtu mmoja, aghalabu msichana wa nyumbani aliyeagizwa aseme kwamba mama amepika kingi leo anaomba mmsaidie kula. Kila mtu alijua, na kila mtu aliistahi ile sitara. Wafadhili wenu wa leo watataka ushahidi, na ni haki yao, kwani fedha zao ni amana vilevile. Basi wapeni ushahidi wa daftari, sahihi na stakabadhi, si uso wa mnyonge. Ikiwa mfadhili hataridhika ila kwa picha ya uso, kataeni fedha zake. Najua neno hili ni zito kwa tawi changa, nami nalisema kwa kukusudia.

Kadhalika, msiamue nyinyi haja ya mtu. Ulizeni. Pengine mnayempelekea unga anao unga, anachokosa ni mtu wa kukaa na mamake mgonjwa asubuhi moja kwa juma ili yeye aende hospitali. Na hilo haligharimu shilingi, linataka mwanachama mmoja mwenye subira. Huko Tharaka, mwaka 1996, Maendeleo ya Wanawake ilipoisaidia jamii kuanzisha jando la wasichana lisilo na kisu, lenye mafunzo na nasaha badala ya kukatwa, lilikubalika kwa sababu wanawake wa hapo hapo walikuwa wamekwisha kaa na mama na mabinti, wakasikiliza nini katika mila ile kina thamani kwao na nini kinawaumiza. Hakuna bango lingaliweza kazi hiyo.

Mtagombana, nalo lisikutishe. Watu wasiogombana ni watu wasiojali. Sitakupa maneno mengi juu ya hilo, ila usikubali ugomvi wa tawi usuluhishwe barazani kwa wanaume kabla haujasikilizwa na wanawake wenyewe.

Basi ombi langu kwako ni hili. Uahirishe uzinduzi, na mheshimiwa umwandikie barua ya heshima kwamba muda haujawadia. Juma hili wagawe wanachama wawili wawili, mmoja mzee na mmoja kijana, wapite mlango kwa mlango katika mtaa wenu, wasibebe kitu wala wasiahidi kitu, wakae, wanywe chai wakipewa, na wasikilize. Warudi na daftari moja, ulifungie pamoja na sanduku, lisionekane na mtu asiyehusika. Likijaa, nipigie simu, nitapanda basi nije Malindi, tulisome pamoja ukurasa kwa ukurasa, na hapo ndipo tutazungumza habari ya leso.

Wasalimie wote, mkubwa kwa mdogo.

Wasalaam, ni mimi shangazi yako.