Nyoka Mdogo Chini ya Miembe ya Tabora

Mgeni anayefika Tabora huitambua njia ya zamani ya misafara kwa miembe yake. Hapa walipita wapagazi kati ya Bagamoyo na Ujiji, na Kwihara, nje kidogo ya mji, bado ipo nyumba ya tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Siku hizi kivuli cha miembe ni uwanja wa watoto. Mvua zikianza, nyoka wadogo nao hutokeza: kwenye majani makavu, chini ya tofali, kando ya choo.

Wengi hawana madhara. Yule mwembamba anayeng'aa kama nyungunyungu, macho hayaonekani, hula mchwa na sisimizi. Wa kahawia, mwenye mistari hafifu kichwani inayopita jichoni, hana sumu. Humbana panya hadi afe kama afanyavyo chatu, basi ni mlinzi wa mahindi ya mwenye nyumba.

Shida ni wale wanaofanana nao. Mtoto wa kifutu huzaliwa na sumu yake tayari. Yupo pia nyoka mdogo mweusi anayeishi ardhini, kichwa na shingo unene mmoja, ambaye wengi humdhania mpole. Jino lake huchomoza pembeni hata mdomo ukiwa umefumbwa, kwa hiyo anayemshika nyuma ya kichwa huchomwa vilevile. Sumu yake huweza kuozesha kidole, na dawa ya sumu ya nyoka iliyopo hospitalini haimwezi.

Unyamwezi una wajuzi wake, Wayeye, chama cha jadi cha wakamata nyoka na wacheza ngoma. Ujuzi wao hufundishwa; haupatikani kwa kubahatisha. Mzazi asiyefundishwa atosheke na kuwaondoa watoto, kusimama mbali na kupiga picha kwa simu. Jina la nyoka linaweza kusubiri.

Mtu akiumwa, avuliwe pete na bangili, atulizwe na asitembeetembee. Asifungwe kamba, asichanjwe, jeraha lisinyonywe. Awahishwe hospitali, kwa Tabora mjini ni Kitete. Daktari aonyeshwe picha, si nyoka mwenyewe, maana hata aliyekwisha kufa anaweza kuuma.

Mtoto naye afundishwe mapema: ukimwona nyoka, hata awe mwembamba kama kamba ya kiatu, simama, rudi nyuma, mwite mkubwa.