Jiwe Hulia

Nilizaliwa Kasese, magharibi mwa Uganda, chini ya milima ya Rwenzori. Babu yangu alikuwa mpagazi wa wapanda milima. Alizoea kutuambia kwamba enzi zake barafu ilianzia chini zaidi. Chini kiasi gani? Hatukumuuliza.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni Marekani, nilipata nafasi ya kwenda Fairbanks, Alaska, kwa masomo ya vitendo ya kiangazi. Tulikwenda kujifunza pamafrosti, yaani ardhi inayobaki chini ya nyuzi sifuri kwa angalau miaka 2 mfululizo. Nilitarajia kuona weupe. Kumbe nilikuta msitu wa misonobari myembamba, jua lisilotaka kutua, na mbu wengi kuliko wa kwetu, ila hawaleti malaria. Barafu ilikuwa chini ya miguu yetu. Pale ilipoyeyuka, ardhi ilididimia na miti ikainama huku na huku kama walevi.

Kazi yetu ilikuwa kupima tabaka la juu, ambalo huyeyuka kila kiangazi na kuganda tena majira ya baridi. Unachomeka nondo yenye alama za sentimita mpaka ikatae kwenda, unasoma kina, unaandika, unasogea mbele. Siku ya tatu nilikuwa nimechoka. Nondo yangu iligota kwenye sentimita 31, ilhali vituo vya jirani vilizidi 50. Niliandika 31, nikaendelea.

Jioni mwalimu alitazama daftari langu akauliza, "Iligota kwa sauti gani?" Alieleza kuwa jiwe hulia, lakini udongo ulioganda hutoa mshindo mzito. Ningeweza kusema "mzito", sote tukalale. Nilisema kweli: sikusikiliza, wala sikuwa na hakika na vituo vingine 6 vya mchana ule. Hakunigombeza. Alinipa nondo. Mwenzangu akajitolea kunisindikiza, tukarudi saa nne usiku, jua lingali juu. Kwenye 31, jiwe lililia. Nilichomeka kando kidogo: 54.

Kesho yake tuliingia katika handaki lililochimbwa na wahandisi wa jeshi la Marekani miaka ya 1960, karibu na Fairbanks. Kutani mlikuwa na mizizi na mifupa ya wanyama wa kale, na harufu ya uozo ilijaa puani. Mwalimu alisema ardhi ya namna hii duniani inahifadhi kaboni takriban mara mbili ya ile iliyomo hewani. Ikiyeyuka, vijidudu huila mimea hiyo ya kale na kutoa gesi zinazoongeza joto. Hapo nikaelewa kwa nini sentimita 23 zilinirudisha porini usiku.

Wiki ile nilimpigia babu simu. "Babu, ulipokuwa ukibeba mizigo, barafu ilianzia wapi hasa?"

Alinyamaza kidogo, kisha akanitajia mwamba ambapo wageni walikuwa wakivaa viatu vya barafu. Akautaja na mwaka, kwa kuwa ndio aliozaliwa baba yangu.

"Mbona hukutuambia?" nikauliza.

"Niliwaambia. Hamkuuliza."

Niliandika jina la mwamba ule katika daftari lilelile, chini ya 54. Nikifika nyumbani, nitapanda kuutafuta.