Nyumba ya Vibao

Kikapu cha vibao nilikuwa nimekwisha kukifunga kamba, tayari kumpa jirani. Kila alasiri mwanangu wa miaka sita alirejea kutoka madrasa akaketi sakafuni hadi magharibi, akijenga na kubomoa, ilhali daftari lake la hesabu halijafunguliwa. Niliuona huo kuwa ni wakati upoteao bure. Vibao vyenyewe havikununuliwa dukani. Ni masalio ya mbao ambayo seremala wa mtaani kwetu hapa Mombasa aliyakata kwa kipimo kimoja na kuyapiga msasa. Mtoto aliniomba ajenge kwa mara ya mwisho, nami nikaifungua kamba.

Pembeni alikuwapo baba yangu. Alikuwa fundi mwashi Lamu, na tangu mama alipofariki na macho yake kupungua nuru, akahamia kwetu na kuishi katika ukimya. Huitikia salamu, basi.

Ukuta wa mjukuu wake ulianguka mara tatu. Mtoto akaanza kulia. Mara nikamwona baba anateremka kitini, anakaa mkekani na kuupapasa ukuta kwa vidole.

“Mjukuu wangu, umepanga kiungo juu ya kiungo. Kila safu imesimama peke yake. Kibao cha juu na kikalie viwili vya chini, ndipo vitakaposhikana.”

Ukuta ukasimama. Likabaki paa. Chumba kilikuwa kipana, na vibao havikufika ng’ambo ya pili. Mtoto alijaribu, akafikiri, kisha akaisogeza kuta karibu. Baba akacheka, kicheko nilichokuwa nimekisahau.

“Nasi tulifanya vivyo hivyo,” akasema. Akamweleza nyumba za kale za Lamu, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa: dari zake hulala juu ya boriti za mikoko, na boriti hizo haziwezi kuvuka nafasi kubwa, kiasi cha mita 3 hivi. Ndiyo maana vyumba vikawa virefu na vyembamba. Mimi nilizaliwa katika chumba kama hicho, wala sikuwahi kujiuliza sababu.

Kesho yake mwanangu alinishika mkono twende kwa seremala. Mwishoni mwa safu zake kulikuwa na pengo, naye akataka vibao vikatwe vipande viwili vilivyo sawa. “Nataka nusu, mama.” Nusu hiyo nilikuwa nimemfundisha daftarini wiki nzima, asinielewe.

Dada zangu, sisemi tuyaache madaftari. Lakini masalio ya mbao yaliyosuguliwa vyema, yasiwe madogo ya kumezwa na mtoto mchanga, yana somo ndani yake. Ukuta unapoanguka, tusifanye haraka kuunyanyua kwa mikono yetu. Tumwache mtoto atafute kosa lake. Na kama nyumbani yumo mzee aliyenyamaza, tumkaribishe mkekani.

Ile kamba ya kikapu haikurudi kazini mwake. Baba aliifungia ufunguo mzito nchani, ikawa timazi. Kila alasiri yeye huishika, na mjukuu wake hutazama na kumwambia kama ukuta umenyooka.