Mstari wa Mkaa Ukutani

Nikisema mimi ni mchezaji wa skwashi wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, watu hucheka. Siwalaumu. Kambi ilifunguliwa 1994 kwa watu wapatao 10,000, leo tumepita 50,000. Nafasi ya ukumbi wa skwashi itoke wapi?

Nilikulia Nathenje, kusini mwa Lilongwe, ambako baba alifungua duka baada ya kukimbia Kivu Kusini, Kongo. Mchezo niliupatia mjini, nikifagia ukumbi wa klabu. Mwanachama mmoja alinipa raketi yake kuukuu, na baada ya muda nikawa nawafunga wenye klabu yao. Nikaanza kuota skwashi ya kulipwa.

Machi 2023 ikatoka amri ya serikali: wakimbizi wote warudi Dzaleka ifikapo 15 Aprili. Duka likafungwa, bidhaa zikauzwa kwa bei ya hasara, tukahamia kambini. Kutoka kambini ni kwa kibali. Kwenda mashindano ya nje ni kwa hati ya kusafiria. Na pointi za kimataifa hazimfuati mtu nyumbani.

Miezi ya kwanza sikugusa raketi. Kisha rafiki akanionyesha kwenye simu habari za mchezaji wa skwashi Maria Toorpakai wa Pakistan. Vitisho vya Taliban vilimfungia ndani, akawa anapiga mpira kwenye ukuta wa chumbani, miaka inapita, mpaka 2011 alipopokelewa Toronto na Jonathon Power, aliyewahi kuwa namba 1 duniani.

Ukuta hata sisi tunao. Nikachora mstari kwa mkaa, sentimita 48 kutoka chini, pale ambapo ukumbini hukaa bati, mpaka wa chini ambao mpira lazima upite juu yake. Mpira wa skwashi wenye nukta mbili za njano haudundi ukiwa baridi, na asubuhi za Julai hapa ni baridi kweli. Nilikuwa naupasha kwapani kwanza. Matofali ya kuchoma huutupa upande wowote, nikajifunza kuwahi. Mama jirani alilalamika kwamba namwamshia mtoto. Siku hizi mwanawe mkubwa ni mwanafunzi wangu.

Mama yangu husema kanisani kwamba Mungu ndiye aliyenishika mkono. Sibishi, ila ule ukuta nao ulisaidia.

Kibali kikipatikana, nacheza Lilongwe. Skwashi inaingia Olimpiki ya Los Angeles 2028, na timu ya wakimbizi ya Olimpiki ipo tangu Rio 2016, ilipowachukua wanajudo Popole Misenga na Yolande Mabika wa Bukavu, kwetu Kivu Kusini. Wewe mwenye raketi iliyolala kabatini, usiitupe. Watoto wa Dzaleka wanapokezana moja.